Maziwa ya Bosi

Kila asubuhi fundi bomba alitoka nyumbani na sanduku lake la spana, na kila asubuhi alisahau kitu. Leo miwani, kesho kofia, keshokutwa chai yake mezani. Mkewe alimfuata hadi mlangoni na kile alichosahau.

"Ipo siku utasahau kichwa, Fundi," alimwambia.

"Kichwa changu nimekuachia wewe. Kisuke tu."

Mkewe alikuwa msusi, na watu wote walimwita hivyo, Msusi. Alisukia barazani. Palikuwa na benchi la wateja wanaosubiri, kigoda cha mteja anayesukwa, na kioo chenye ufa kwenye kona. Fundi na Msusi waliishi hivyo miaka kumi na mmoja. Walicheka sana, lakini mtoto hawakupata.

Mwishowe wakaamua kuasili mtoto, yaani kumchukua mtoto aliyezaliwa na wengine na kumfanya mtoto wao kisheria. Waliandika maombi. Afisa wa ustawi wa jamii alikuja mara tatu, akaona vyumba, akauliza maswali, akaondoka. Wakasubiri mwaka mzima. Kisha siku moja simu ikalia. Palikuwa na mtoto mchanga wa wiki tatu. Mama yake alifariki siku ya kujifungua, na ndugu walitafutwa hawakupatikana.

Msusi alikuwa katikati ya kichwa cha mteja. Aliacha kitana humohumo nywelini, akakimbia kumtafuta mumewe.

Mtoto alikuja na kilo tatu na robo, na sauti ya mtu mzima. Akilia, Fundi alisimama. Akilia tena, Msusi naye alisimama.

"Huyu ni bosi," alisema Fundi. "Anatoa amri, sisi tunatekeleza."

Jina likamganda. Akawa Bosi.

Siku ya nne, barazani walikuwa watu wanne. Msusi alikuwa kazini. Kwenye kigoda alikaa nesi wa kliniki ya watoto. Mtaani aliitwa Nesi Mizani, maana hakuna mtoto aliyempita bila kupimwa uzito. Siku hiyo alikuwa amesukwa upande mmoja tu. Kushoto mistari ilikuwa imelala vizuri, kulia nywele zilisimama kama zimeona nyoka. Kwenye benchi alikaa wifi, dada mkubwa wa Fundi, akiwa amempakata Bosi. Wifi huyu alikuwa na moyo mzuri, lakini mdomo wake ulitangulia, moyo ukaja nyuma.

Bosi aliamka, akalia. Msusi alimchukua, akamweka kifuani. Mtoto alinyamaza. Kisha akageuza kichwa, akafungua mdomo, akaanza kutafuta. Alisukuma blauzi ya Msusi kwa pua. Alitafuta kulia, akatafuta kushoto. Asipopata akalia upya.

Machozi yakamtoka Msusi.

"Kila siku ananifanyia hivi," alisema. "Anatafuta kwangu kitu ambacho sina."

"Mpe chupa yake, wifi yangu," alisema wifi. "Hujawahi kubeba mimba. Titi hilo litatoa nini? Jasho?"

Akacheka. Msusi hakucheka. Nesi Mizani aligeuka kwenye kigoda, nusu kichwa kikiwa hewani.

"Msusi, unataka kumnyonyesha?"

"Sista, usinitanie."

"Sikutanii. Nakuuliza. Unataka?"

Msusi alimtazama mtoto. "Hakuna ninachotaka zaidi ya hicho. Amempoteza mama yake kabla hajamjua. Akinitafuta, nataka anikute."

"Basi nisikilizeni, na wewe wifi pia. Maziwa hayaletwi na mimba peke yake. Yanaletwa na mtoto anayenyonya. Mtoto akinyonya, chuchu inapeleka habari kwenye ubongo. Ubongo unatoa amri: tengeneza maziwa. Habari ikienda mara nyingi, usiku na mchana, titi linatii."

"Hata la mtu ambaye hajazaa?" aliuliza Msusi.

"Hata la ambaye hajazaa. Wapo waliofanya hivyo. Ila sikudanganyi. Si wote wanaopata maziwa ya kumtosha mtoto. Wengine wanapata nusu, wengine vijiko vichache. Hata hivyo vijiko ni kinga kwa mtoto. Na kunyonya kwenyewe ni mapenzi."

"Nianze lini?"

"Kesho uje kliniki. Kabla mtoto hajagusa titi tupime afya yako, pamoja na virusi vya ukimwi. Bosi naye tumpime. Mkiwa salama tunaanza hapohapo. Chelewachelewa, utamkuta mwana si wako."

Wifi akainuka kidogo kwenye benchi. "Mimi nina unga wa mizizi, nilipewa na mtu. Unaleta maziwa siku moja."

"Unga huo kaa nao, mama. Anayenyonyesha hanywi dawa wala mizizi ila kwa ushauri wa kliniki. Inaweza kumfikia mtoto."

Mistari ya upande wa kulia siku hiyo ilitoka imepinda, kwa sababu macho ya Msusi yalikuwa kwa Bosi. Nesi Mizani alijitazama kwenye kioo chenye ufa, akasema ni kioo ndicho kimepinda.

Majibu ya vipimo yalikuwa mazuri. Nesi alimpa Msusi mrija mwembamba sana, laini, mwembamba kuliko mrija wa soda. Jioni akafika nyumbani kuwaonyesha kazi.

"Maziwa ya kopo ya watoto wachanga tunayaweka kwenye kikombe safi," alisema. "Maji yachemshwe, na kipimo kiwe kilekile kilichoandikwa kwenye kopo. Ncha moja ya mrija iingie kwenye kikombe. Ncha nyingine tunaibandika kando ya chuchu. Bosi akinyonya, anapata maziwa ya kikombe. Anashiba, hakati tamaa. Na papo hapo analiamsha titi."

"Kwa hiyo ananyonya kikombe huku anadhani ananinyonya mimi," alisema Msusi.

"Anakunyonya wewe. Kikombe kinasaidia tu. Mara nane hadi kumi na mbili kwa siku, mchana na usiku, matiti yote mawili. Akimaliza, kamua kwa mkono dakika chache, hata kama hakuna kinachotoka. Baada ya kila mlo osha mrija kwa maji ya moto na sabuni, yapite ndani, kisha suuza. Nitakupa mwingine kila baada ya siku chache."

Fundi alipewa kazi ya kushika kikombe. Alikishika juu kabisa, kama mtu anayebeba kombe la ushindi. Maziwa yakakimbia kwenye mrija. Bosi akakohoa, maziwa yakamtoka puani.

"Shusha kikombe, shemeji! Unamzamisha mtoto!" alisema Nesi.

Fundi alishusha. Maziwa yakapungua kasi. Akapandisha kidogo, yakaongezeka. Akatazama kikombe, akatazama mrija, uso wake ukang'aa.

"Kumbe ni presha tu! Tangi likiwa juu maji yanakimbia. Likiwa chini, yanatembea."

"Ndiyo. Na sisi tunataka yatembee. Kikombe kikae usawa wa titi, Bosi avute mwenyewe. Asipovuta, titi halitapata habari."

Kesho yake Fundi alirudi na kitu alichokitengeneza kwa vipande vya bomba vilivyobaki kazini. Kilikuwa kisimamo chenye kibanio cha kushika kikombe. Kibanio kilipanda na kushuka. Siku hiyo hakuna alichosahau, wala miwani wala kofia.

Kazi ikaanza. Msusi alisuka mistari minne, akanyonyesha. Akasuka mitano, akanyonyesha. Wateja walizoea. Wengine walikuja na vitambaa vya kushona ili wasikae bure. Kila mara Bosi alipomaliza, Msusi alikamua kwa vidole, kwa upole, kama alivyofundishwa. Hakikutoka kitu. Wiki ya kwanza hakikutoka kitu. Wiki ya pili ikaanza, bado.

Siku ya kumi na tatu, asubuhi, alikamua na kuona kitu kwenye ncha ya chuchu. Kilikuwa kidogo kama kichwa cha pini. Kilikuwa cheupe.

"Fundi!" aliita. "Fundi, njoo! Usikimbie, utanitingisha!"

Fundi alikuja na mswaki mdomoni. Walilitazama lile tone wote wawili. Msusi alilichukua kwa kidole, akalipaka kwenye midomo ya Bosi. Bosi akalamba.

"Haba na haba hujaza kibaba," alisema Fundi, akajifuta macho kwa shati.

Kama hadithi ingeishia hapo, ingekuwa tamu. Lakini Fundi alikuwa fundi bomba, na fundi bomba ana akili ya bomba.

Kwa siku tatu matone yalikuja, mawili, matatu, manne. Hayakuzidi. Chuchu za Msusi zilianza kuuma. Nesi Mizani alikuwa kwenye mafunzo, hatarudi hadi wiki inayofuata. Fundi alikaa kitandani akafikiri.

"Mke wangu," alisema, "tunakosea. Miaka ishirini nafanya kazi hii. Maji yakiwa kidogo kwenye tangi, hufungui kila saa. Unafunga koki. Unaliacha tangi lijae. Ukifungua, presha inakuja yenyewe."

Msusi alisita. "Sista alisema tusipumzike."

"Sista anajua watoto. Mimi najua matangi. Kikombe nilikipatia, sikukipatia?"

Ni kweli, alikipatia. Na Msusi alikuwa amechoka. Hata wifi alikubali, na wifi na mdogo wake hawakuwahi kukubaliana juu ya jambo lolote. Wakafunga koki. Siku mbili nzima Bosi alikunywa maziwa ya kopo kwa kikombe tu, bila titi. Msusi hakunyonyesha wala hakukamua. Alingoja tangi lijae.

Siku ya tatu asubuhi alikamua. Hakikutoka kitu. Akakamua tena, akabadilisha upande. Hata lile tone la kichwa cha pini halikuwepo. Alimweka Bosi kwenye titi. Bosi alivuta mara mbili, akageuza uso, akalia.

"Tumelikausha," alisema Msusi. Aliingia chumbani, akajifungia.

Fundi alisimama mbele ya mlango ule. Aligonga, mlango haukufunguliwa. Alisikia mkewe analia kwa sauti ya chini, na miaka yote kumi na mmoja hakuwahi kumsikia hivyo. Aliweka sanduku la spana chini. Hakwenda kazini. Alikwenda kliniki.

Benchi la kliniki lilijaa akina mama na watoto wao. Fundi alikaa katikati yao, mwanamume peke yake, hana mtoto mkononi. Mama mmoja alimwuliza kama amekuja kupimwa uzito. Wengine wakacheka. Fundi aliinamisha kichwa. Zamu yake ilipofika alimkuta Nesi Mizani, amerudi kutoka mafunzoni asubuhi hiyohiyo.

"Nimeharibu, Sista," alisema. "Nilimwambia afunge koki."

Akaeleza yote. Nesi alimsikiliza hadi mwisho.

"Shemeji, titi si tangi. Tangi linajaa likiachwa. Titi linajaa likinyonywa. Mtoto akichota, mwili unaona kuna mteja, unatengeneza mengine. Asipochota, mwili unasema hakuna mteja, tufunge duka."

"Duka limefungwa kabisa?"

"Siku mbili? Hapana. Kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi. Muanze tena leo. Leo, si kesho. Mtoto akae kifuani kwa mama yake, ngozi kwa ngozi, muda mwingi. Chuchu zikiuma nimtazame anavyonyonya. Huenda hashiki vizuri. Ashike titi, si chuchu peke yake, mdomo uwe wazi kabisa. Na wewe utafanya nini?"

"Mimi?"

"Aliyechoka ni mkeo. Nani anapika? Nani anafua?"

Fundi aliinuka, akaenda zake. Jibu lilionekana nyumbani. Siku hiyo alisema kupitia mlango uliofungwa, "Kosa ni langu. Si lako, wala si la titi lako. Sista amesema duka halijafungwa. Fungua, mke wangu, tuanze."

Komeo likalia, mlango ukafunguka.

Fundi alibandika karatasi ukutani. Kila Bosi aliponyonya, alichora mstari mmoja. Asubuhi alihesabu mistari ya usiku na mchana uliopita. Ikiwa chini ya kumi, alikuna kichwa. Alipika, na chumvi ilizidi. Alifua nepi, akazianika kwa mpangilio wa mabomba, ndefu na ndefu, fupi na fupi. Siku ya pili wifi alikuja, akaziona, akacheka. Kisha akamwona Msusi amejilaza, amekonda uso, Bosi amelala kifuani kwake bila shati. Kicheko kikakatika.

"Wifi yangu," alisema, "yale maneno ya jasho, nisamehe. Leta hizo nguo. Mwanamume anafua kama anachanganya saruji."

Kuanzia siku hiyo wifi alikuja kila siku kufua na kupika. Mdomo ulikuja naye, lakini ule moyo sasa ulitangulia.

Ilichukua siku sita matone kurudi. Baada ya hapo hayakukatika tena. Yakawa kijiko. Yakawa vijiko viwili. Msusi akaanza kulowa blauzi mtoto alipolia, naye hakubadilisha blauzi hiyo haraka. Alitaka watu waione.

Wiki ya saba tangu Bosi afike, Nesi Mizani alikuja kusukwa upya. Kichwa kilikuwa nusu kama siku ile ya kwanza. Bosi alilia. Msusi akafuta mafuta mikononi, akanawa, akamchukua. Fundi akaweka kisimamo, akapachika kikombe, akabandika mrija. Wifi alikuwa kwenye benchi, anakunja nepi.

Bosi alinyonya. Alimeza kwa sauti. Fundi alitazama kikombe, kama alivyotazama mita za maji maisha yake yote. Akasogea karibu. Akavaa miwani. Akavua, akaifuta, akavaa tena.

"Kikombe hakishuki," alisema.

"Mrija umeziba?" aliuliza Msusi kwa hofu.

"Umejikunja hapa, haupitishi kitu. Sasa nisikilizeni. Kikombe hakishuki. Mrija haupitishi. Lakini Bosi anameza."

Wote wakatega sikio. Glu. Glu. Glu.

"Sasa maji yanatoka wapi?" Fundi alipiga kelele. "Yanatoka wapi, jamani?"

Nesi Mizani aliinuka, nywele za kulia zimesimama, akautoa mrija taratibu. Bosi hakushtuka. Aliendelea kunyonya. Maziwa meupe yakamtoka kwenye kona ya mdomo, yakateremka shavuni, yakafika kwenye mkono wa Msusi. Yalikuwa na uvuguvugu.

Msusi alicheka na kulia kwa wakati mmoja. Fundi alikwenda hadi barabarani akawatangazia wapita njia ambao hawakuuliza. Na wifi, kwa mara ya kwanza tangu azaliwe, hakuwa na la kusema. Alikaa na nepi moja mkononi, akaikunja, akaikunjua, akaikunja.

"Kulea mimba si kazi," alisema hatimaye. "Kazi kulea mwana."

"Kesho kliniki, mizani," alisema Nesi, akarudi kukaa kwenye kigoda.

Mizani ilisema kilo nne na nusu. Bosi alilowesha nepi saba kwa siku, na nepi sita au zaidi ni dalili kwamba mtoto mchanga anapata maziwa ya kutosha. Nesi hakuondoa kikombe siku hiyo. Alipunguza kidogo tu, akapima tena wiki iliyofuata, akapunguza kidogo tena.

"Usipunguze mwenyewe nyumbani," alimwonya Msusi. "Mizani kwanza."

Bosi alipofika miezi minne, alibakiza kikombe kimoja mchana na kimoja jioni. Mengine yote yalikuwa ya mama yake. Mahakama ilipotoa hati ya kuasili, karani aliita jina la mama wa mtoto. Msusi alisimama, Bosi akiwa titini, akaitika. Hakimu akamwambia anaweza kukaa.

Kisimamo cha mabomba kilikaa juu ya kabati, kimeoshwa, kimefunikwa kitambaa. Hakikukaa sana. Siku moja wifi alifika barazani na mwanamke mwenye kitoto kidogo mgongoni. Mwanamke huyo alikuwa mshonaji. Alikuwa amemchukua mtoto wa marehemu mdogo wake. Yeye mwenyewe hakuwahi kuzaa.

"Nimeshamweleza kila kitu," alisema wifi. "Chuchu inapeleka habari kwenye ubongo, ubongo unatoa amri. Vipimo kwanza, kliniki. Mizizi marufuku! Mimi mambo haya nayajua siku nyingi."

Msusi alimtazama wifi yake, akainamia nywele za mteja ili asicheke.

Mshonaji alikaa pembeni ya benchi. "Ni kweli dada? Na mimi nitaweza?"

Msusi alinawa mikono, akamchukua Bosi. Bosi alikuwa ameamka, anatafuta. Safari hii alitafuta mara moja tu, akapata. Mshonaji aliona, akafunika mdomo kwa mkono.

Fundi alitoka ndani na kisimamo. Alimwonyesha mshonaji kibanio, namna kinavyopanda, namna kinavyoshuka, na usawa wa kuweka kikombe. Alimwambia asiweke juu, mtoto atakohoa. Akamkabidhi kwa mikono miwili. Kisha akabeba sanduku lake la spana, akaenda zake kazini.

Alifika njiani, akarudi mbio. Mkewe alidhani amesahau kofia, akamnyooshea. Fundi hakuichukua. Alikwenda moja kwa moja hadi kwa mshonaji.

"Nimesahau kukwambia jambo moja, dada," alisema, akihema. "Kubwa kuliko yote. Atakayekushauri upumzishe titi lijae, hata akiwa fundi wa miaka ishirini, usimsikilize. Usifunge koki."